Kiti Kipya na Kadi za Harusi: Uchambuzi wa Kisa cha Msuko wa Pili Uliolegea katika Sitkomu

Sababu ya kukichagua kisa hiki

Waandishi wa sitkomu, yaani mfululizo wa vichekesho vya televisheni, huzungumza sana kuhusu msuko mkuu, hadithi kuu ya kipindi, na kidogo mno kuhusu msuko wa pili, hadithi ndogo inayokwenda sambamba nayo. Msuko mkuu ndio unaotajwa kwenye tangazo la kipindi, ndio unaompa mhusika mkuu kazi, na ndio ambao chumba cha waandishi huushughulikia asubuhi, akili zikiwa bado zimechangamka. Wa pili huja jioni, nao huandikwa kwa sababu lazima uwepo. Mtazamaji haujui utaratibu huo, lakini huuhisi: kila kamera inapohamia kwa wale wahusika wengine, hamu yake hushuka, akabaki kungoja habari yenyewe irudi.

Kisa hiki kinaonyesha udhaifu wa aina hiyo ukizaliwa, ukigunduliwa na kutibiwa kwa njia tatu tofauti, ambazo mbili za kwanza hazikufaa na ya tatu ilifaa kwa sehemu kubwa bila kufaa kabisa. Nimekichagua kwa sababu waliohusika walikuwa watu wenye ujuzi na bidii. Udhaifu wa msuko wa pili hautokani na uvivu peke yake. Hutokana hasa na utaratibu wa kazi unaoonekana wa busara katika kila hatua yake.

Jina la mfululizo, la kituo kilichourusha, na ya waandishi na waigizaji yameondolewa. Aina ya biashara inayoonyeshwa katika hadithi na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili kipindi kisitambulike, ila mpangilio wa matukio na sababu za kila uamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa. Wahusika wa hadithi watatajwa kwa kazi zao tu.

Usuli

Mfululizo ulikuwa katika msimu wake wa pili. Hadithi zake zilitokea katika karakana ya uchapishaji inayoendeshwa na mwanamke mmoja hodari, mwenye maneno mengi na asiyeweza kukiri kosa mbele ya mtu anayemheshimu. Pamoja naye walikuwapo mhasibu wa kike aliyefanya kazi hapo tangu karakana ifunguliwe, mlinzi wa mlangoni aliyezungumza kidogo na kwa upole, na mwanagenzi aliyeiogopa mashine kubwa ya kuchapa. Ulirekodiwa studioni kwa kamera kadhaa mbele ya hadhira, mtindo ulioenea baada ya sitkomu ya I Love Lucy kuanza kurushwa nchini Marekani mwaka 1951.

Mtindo huo una masharti yake, na masharti hayo ndiyo yaliyoongoza maamuzi mengi yatakayoelezwa. Seti, yaani mandhari zinazojengwa studioni, ni chache na hujengwa mapema. Waigizaji husoma skripti pamoja mezani mwanzoni mwa wiki, hufanya mazoezi siku zinazofuata, kisha hurekodi. Kipindi cha nusu saa kwenye kituo cha biashara, matangazo yakishaondolewa, hubaki na takriban dakika 22 za hadithi. Ndani ya dakika hizo msuko mkuu huchukua sehemu kubwa, wa pili hupewa maonyesho machache, kwa kawaida kati ya matatu na matano, na mara nyingine huwapo mzaha mdogo unaorudi hapa na pale bila kuwa hadithi kamili.

Jambo jingine la kuzingatia ni la mkataba. Waigizaji wa mhasibu na mlinzi walikuwa wameajiriwa kwa msimu mzima, hivyo kila kipindi kilipaswa kuwapa kazi ya kufanya. Hilo ni jambo la haki kwa waigizaji na ni jambo la kawaida katika sitkomu yenye kundi la wahusika. Hata hivyo, lilikuwa na athari kubwa kwa namna msuko wa pili ulivyotafutwa.

Muundo wa kwanza

Msuko mkuu ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza. Karakana imechapa kadi za harusi za kijana wa mwalimu wa zamani wa mmiliki. Kadi zikishagawiwa, mmiliki anagundua kwamba jina la bwana harusi lililochapwa ni la mtu mwingine kabisa. Badala ya kumwambia mwalimu wake, anaamua kuzikusanya kadi hizo kwa walioalikwa, nyumba moja baada ya nyingine, kabla familia haijaiona hata moja. Kwa kila nyumba anahitaji kisingizio, na kila kisingizio kinakuwa kikubwa kuliko kilichotangulia, mpaka anajikuta ameahidi mambo ambayo harusi yenyewe haiwezi kuyatimiza. Mhusika anataka kitu kimoja kilicho wazi, njia anayoichagua inatokana na tabia yake, na kila hatua inafanya hatua inayofuata kuwa ngumu zaidi. Chumba kizima kilifurahi, na kwa haki.

Msuko wa pili ulipatikana mwishoni mwa siku kwa swali lililoulizwa hivi: mhasibu na mlinzi watafanya nini wakati mmiliki yuko nje? Jibu lilikuwa kiti. Kiti kipya kinaletwa karakanani, wote wawili wanakipenda, na katika kipindi chote wanawania kukikalia. Mmoja akiinuka, mwingine anakaa. Mwanagenzi naye alipewa mzaha wake: kila anapopita karibu na mashine, inatoa mlio na yeye anaruka.

Muhtasari ulipokelewa bila pingamizi. Nikiusoma sasa, naona kwamba swali lililoulizwa ndilo lililoleta udhaifu. Lilikuwa swali la ratiba: watu hawa tuwaweke wapi? Halikuuliza ni kitu gani mhasibu anakitaka wiki hii, wala kwa nini mlinzi, mtu asiyewahi kugombana na yeyote katika msimu mzima uliopita, agombane leo kwa ajili ya kiti.

Yaliyotokea na maamuzi yaliyofuata

*Usomaji wa mezani.* Maonyesho ya mmiliki yalichekesha. Maonyesho ya kiti yalipata kicheko mara ya kwanza, kicheko kidogo mara ya pili, na kuanzia hapo kimya. Kilichowasumbua zaidi waliokuwapo ni kwamba kimya hicho kiliambukiza: onyesho la mmiliki lililofuata baada ya kiti lilianza baridi, likahitaji mistari kadhaa kabla watu hawajacheka tena.

*Uamuzi wa kwanza: kuongeza utani.* Kiongozi wa waandishi aliagiza mazungumzo ya maonyesho ya kiti yaandikwe upya kwa mizaha mikali zaidi. Sababu zake zilikuwa za msingi. Seti zilikuwa tayari, kiti kilikuwa kimeshanunuliwa, na maneno ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha katikati ya wiki. Zaidi ya hayo, dalili iliyoonekana ilikuwa ukosefu wa kicheko, na dawa ya kwanza ya ukosefu wa kicheko ni utani.

Katika mazoezi yaliyofuata, mizaha mipya ilichekesha, mmoja mmoja. Onyesho lenyewe lilibaki zito. Mwongozaji alieleza kwamba waigizaji walikuwa wakitoa utani kisha wanasimama, kwa sababu baada ya utani hakuna aliyekuwa na jambo la kufanya. Kulikuwa na hasara nyingine ambayo haikutajwa wakati ule: mlinzi, ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika ukimya, sasa alikuwa na majibu makali kama ya mmiliki. Wahusika wawili tofauti walianza kusikika kama mtu mmoja. Ilikuwa ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

*Uamuzi wa pili: kupunguza.* Kwa kuwa maonyesho ya kiti hayakufaa, iliamuliwa yapunguzwe kutoka matano hadi mawili, na nafasi iliyopatikana ipewe hadithi ya kadi. Uamuzi huu nao una mantiki. Kama kitu hakichekeshi, kipewe muda mfupi.

Matokeo yake hayakutarajiwa na mtu yeyote, na kwangu hili ndilo tukio lenye mafunzo mengi kuliko yote katika kisa hiki. Msuko mkuu, ambao haukuguswa hata mstari, uliharibika. Mmiliki alitoka nyumba ya kwanza na papo hapo akawa mlangoni mwa nyumba ya pili. Hapo awali, kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na onyesho la kiti, na wakati mtazamaji akiwa karakanani, aliamini kwamba mmiliki yuko njiani, anachoka, anatunga kisingizio kingine. Sasa njia haikuwapo. Visingizio vilivyokuwa vikipanda ngazi kwa ngazi vilionekana kama orodha ya mizaha ya aina moja iliyopangwa mfululizo. Mwigizaji wa mmiliki alilalamika, kwa haki kabisa, kwamba hapati mahali pa kupumua na kwamba hasira yake inafika kileleni mapema mno.

Kwa hiyo msuko wa pili, pamoja na ulegevu wake wote, ulikuwa ukifanya kazi. Ulikuwa unapitisha muda, unampa mhusika mkuu nafasi ya kusafiri na kubadilika bila kuonekana, na unamwezesha mtazamaji kusahau kidogo ili akumbushwe. Kazi hiyo haikuonekana mpaka ilipoondolewa.

*Uamuzi wa tatu: kumtafuta mwenye haja.* Usiku huo kiongozi wa waandishi alibaki na waandishi wawili wasio wa msuko mkuu, akawapa sharti moja: kiti kibaki, kwa kuwa kimeshanunuliwa, lakini hakuna mzaha wowote kuandikwa mpaka wajue nani anakihitaji na atapoteza nini akikikosa.

Mwandishi mmoja alikumbusha kwamba katika msimu wa kwanza mhasibu alisema kwa kupita tu kwamba hajawahi kupewa kitu kipya kazini. Hata meza yake ilirithiwa. Mwingine aliuliza kiti kimetoka wapi. Swali hilo la pili lilifungua mlango. Katika skripti yote hapakuwa na maelezo ya nani aliyekiagiza. Wakakubaliana kwamba ni mmiliki, na kwamba alikiagiza kwa ajili ya mlinzi, anayeshinda amesimama. Juu ya kiti pamebandikwa lebo yenye jina, iliyochapwa hapo hapo karakanani, na jina lililochapwa ni la mhasibu. Mlinzi anajua kwamba kiti ni chake, kwa sababu mmiliki alimwahidi. Mhasibu pia anajua, kwa sababu hati ya malipo ilipita mikononi mwake. Lakini lebo ina jina lake, hajawahi kupewa kitu kipya, na hakuna anayeuliza. Anakaa, ananyamaza.

Kuanzia hapo mambo yalijipanga kwa kasi. Kama lebo imekosewa na kadi zimekosewa, basi kosa liwe moja: mwanagenzi, kwa hofu ya mashine, aliruka pembeni ilipotoa mlio, na orodha ya majina ikasogea mstari mmoja. Mzaha wake, uliokuwa ukirudiwa bila faida, ukawa onyesho moja tu la mwanzo, lenye kicheko chake, ambalo ndilo chanzo cha misuko yote miwili.

Mkutano wa misuko ulipatikana mwisho. Familia ya bwana harusi inafika karakanani kuaga kabla ya harusi, pamoja na bibi yake mzee. Mmiliki, ambaye ameshakusanya karibu kadi zote na anaamini amenusurika, anaomba kiti kizuri kwa ajili ya bibi. Kiti kizuri ni kimoja, na mhasibu amekikalia. Anasita kuinuka, kwa kuwa akiinuka lebo itaonekana. Hapo mlinzi, ambaye kwa kipindi kizima amevumilia, anasema kwa upole mbele ya wote: "Bosi, jina lililochapwa pale silo." Anazungumzia kiti. Mmiliki anasikia kadi. Anaungama kila kitu, kisingizio baada ya kisingizio, kwa pumzi moja, mbele ya mwalimu wake ambaye hakuwa na habari ya lolote.

Matokeo

Kipindi kilirekodiwa kikiwa na maonyesho manne ya kiti. Ungamo la mmiliki lilipata kicheko kirefu kuliko vyote usiku ule, na kilianza kabla hajafungua kinywa, mara tu mlinzi alipotamka neno "jina". Hadhira ilikuwa mbele ya mhusika kwa hatua moja, mahali panapofaa kabisa.

Yapo yaliyokwenda vibaya. Waigizaji walipata maneno mapya wakiwa wamechelewa, na onyesho la pili la kiti lilirekodiwa mara kadhaa kwa sababu mhasibu hakuwa ameyashika vizuri. Kipindi kilichofuata, ambacho kilikuwa kimeshaandikwa, kilimwonyesha mhasibu akimtendea mlinzi wema mkubwa bila sababu. Baada ya habari ya kiti, wema huo ulihitaji maelezo, na mistari iliongezwa haraka kuuhalalisha. Kubwa kuliko yote, mhasibu hakupata mwisho. Baada ya ungamo la mmiliki, kamera ilibaki na mmiliki na mwalimu wake mpaka majina ya watengenezaji yalipopanda. Bibi amekikalia kiti, mlinzi bado amesimama, na mwanamke aliyefanya tendo baya dogo kwa sababu inayoeleweka aliachwa pembeni bila neno lolote.

Uchambuzi

*Haja kwanza, utani baadaye.* Tofauti kati ya maonyesho ya kiti ya kwanza na ya mwisho haikuwa katika ubora wa mizaha. Baadhi ya mizaha iliyoongezwa katikati ya wiki ilikuwa mikali kuliko yoyote iliyobaki. Tofauti ni kwamba katika toleo la kwanza wahusika wawili walikuwa na lengo moja lisilo na uzito, na yeyote angeshinda hakuna kitu ambacho kingebadilika. Katika toleo la mwisho mhasibu anataka kuthaminiwa, na kukipata anachokitaka kunamlazimu kumdhulumu mtu mpole. Kila sekunde anayokaa pale inamgharimu kitu, ndiyo maana hata onyesho ambalo anakunywa chai tu na mlinzi anapita bila kusema neno lilichekesha. Watu walicheka ukimya.

Ni vyema kutochanganya haja na ukubwa wa jambo. Waandishi wanaoambiwa kwamba msuko wa pili ni mwepesi mara nyingi hukimbilia kuuongezea uzito wa nje: ugonjwa, deni, kufukuzwa kazi. Sitkomu haihitaji hayo. Kiti kinatosha, mradi kiti kiwe na maana kwa anayekitaka. Kipindi cha Seinfeld, sitkomu ya Marekani, cha mwaka 1991 kinachojulikana kwa jina la "The Chinese Restaurant" ni ushahidi mzuri. Hakina msuko wa pili kwa maana ya kawaida. Watu watatu wanasubiri meza katika mkahawa, na kipindi chote kinakwenda mahali hapo hapo. Lakini ukiangalia kwa makini, kila mmoja ana haja yake: George anahitaji simu ili azungumze na mpenzi wake, Elaine ana njaa, na Jerry amemdanganya mjomba wake na anaogopa kugunduliwa. Haja hizo ndogo zinagongana kila wakati, na kwa sababu hiyo nusu saa ya kusubiri haichoshi. Kinachoufanya msuko uwe hai kinaweza kupatikana hata pale ambapo hakuna msuko unaojitegemea.

*Kazi isiyoonekana.* Uamuzi wa pili ulishindwa, lakini ulikuwa na faida ambayo hakuna mjadala ungeweza kuileta. Kuondoa msuko wa pili kulionyesha ulichokuwa ukikibeba. Ningependa kila chumba cha waandishi kifanye jaribio hili kwenye karatasi kabla ya usomaji: soma muhtasari ukiruka maonyesho yote ya msuko wa pili, kisha uulize ni wapi msuko mkuu unakwama. Mahali unapokwama ndipo msuko wa pili unapohitajika, na hapo utajua hata urefu wa onyesho linalotakiwa. Usipokwama popote, msuko wa pili umewekwa kama pambo, na mtazamaji ataligundua hilo kabla ya mwandishi.

Jaribio hilo lina upande wake wa pili, unaosahaulika. Soma pia msuko wa pili peke yake, ukiruka ule mkuu. Maonyesho matano ya kiti katika toleo la kwanza, yakisomwa mfululizo, yalikuwa onyesho moja lililorudiwa: yangeweza kubadilishana nafasi, la tatu likawa la kwanza, na hakuna ambaye angeona tofauti. Maonyesho manne ya mwisho hayawezi kubadilishana. Mhasibu anaona lebo na anashangaa. Kisha anaona hati ya malipo na anajua. Kisha mlinzi anajaribu kumpa nafasi ya kusema ukweli naye haitumii. Kisha wageni wanafika. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini zaidi katika kazi hii, kwa sababu hakitegemei ladha ya mtu. Ama mpangilio una maana, ama hauna.

*Kukutana kwa misuko.* Watu wengi hufikiri kwamba misuko miwili ikikutana mwishoni, kipindi kimekamilika. Kukutana peke yake hakutoshi. Ingewezekana kabisa, katika toleo la kwanza, bibi kuletewa kiti kile kinachogombaniwa. Misuko ingekuwa imekutana chumbani, na hakuna ambacho kingetokea. Kinachotakiwa ni msuko mmoja kuwa sababu ya jambo katika mwingine, na kuwa sababu kwa njia ambayo mhusika hakuikusudia. Mlinzi hakutaka kumfichua mmiliki. Alitaka kiti chake.

Mifano bora ya jambo hili inajulikana. Katika "Communication Problems", kipindi cha Fawlty Towers, sitkomu ya Uingereza, cha mwaka 1979, mwenye hoteli ameshinda fedha kwenye mbio za farasi na lazima azifiche mke wake asijue, wakati huo huo mgeni mkali asiyesikia vizuri anadai kwamba fedha zake zimeibiwa hotelini. Fedha za siri na fedha zilizopotea zinapokuwa katika jengo moja, kila mtu anayejaribu kusema kweli kuhusu hizi anaharibu mambo kuhusu zile. Katika "The Marine Biologist", kipindi cha Seinfeld cha mwaka 1994, Kramer, jirani wa Jerry, anapiga mipira ya gofu kuelekea baharini na George anajifanya mtaalamu wa viumbe wa baharini. Mpira mmoja unapatikana ndani ya nyangumi ambaye George analazimika kumwokoa. Katika mifano yote miwili, msuko mdogo unaingia katika ule mkubwa ukiwa na kitu mkononi: noti, mpira. Katika kisa chetu kitu hicho ni jina lililochapwa. Nadhani si bahati. Kitu kinachoshikika, kikionyeshwa mapema kwa sababu nyingine, humfanya mtazamaji ayaunganishe mambo mwenyewe, bila mhusika kulazimika kueleza.

*Hatari ya kufanana mno.* Mara waandishi walipoona kwamba misuko yote miwili inahusu kosa la uchapaji na watu wanaonyamaza, walipata kishawishi cha kulisema hilo waziwazi. Rasimu moja ilikuwa na mstari ambapo mlinzi anawaambia wote kwamba kila mtu chumbani anaficha kosa lake. Kiongozi wa waandishi aliufuta, na alifanya vyema. Mlinzi hakuwa na njia ya kujua habari ya kadi. Mstari ule ulikuwa sauti ya mwandishi iliyovaa sare ya mlinzi. Ulinganifu wa dhamira ni chombo cha mwandishi cha kuchagulia matukio. Ukishakuwa mazungumzo ya wahusika, unawageuza kuwa wafafanuzi wa kipindi chao wenyewe.

*Tabia haibadiliki bila malipo.* Tatizo la kipindi kilichofuata linafundisha jambo ambalo vyumba vingi hulipuuza. Msuko wa pili ukiwa mwepesi, hauachi alama kwa wahusika, na kwa hiyo vipindi vinaweza kurushwa kwa mpangilio wowote. Msuko wa pili ukiwa na haja ya kweli, unamfanya mhusika atende jambo, na tendo hilo linabaki. Mhasibu aliyemnyima mlinzi kiti hawezi wiki ijayo kuwa rafiki yake mkubwa kana kwamba hakuna lililopita. Mfululizo uliokuwa ukitumia misuko ya pili kama nafasi za kuchezea utani haukuwa na mtu wa kufuatilia mambo hayo. Kwa chumba kinachotaka kuimarisha misuko yake ya pili, ningeshauri kwamba mwandishi mmoja apewe jukumu la kuwakumbuka wahusika wasaidizi: nani alimfanyia nini, na nani bado anamdai mwenziwe. Mstari wa mhasibu kuhusu meza ya kurithi, uliookoa kipindi hiki, ulikumbukwa kwa bahati tu.

*Mwisho uliokosekana.* Inabaki habari ya mhasibu kuachwa bila hitimisho. Waandishi walijitetea kwamba muda haukutosha, na ni kweli kwamba ungamo lilirefuka kwa sababu ya vicheko. Lakini ukiangalia skripti, hapakuwa na hitimisho hata kabla ya kurekodi. Msuko wa pili ulipofanya kazi yake ya kulipua ule mkuu, chumba kiliuona umekwisha. Ndiyo mazoea yale yale yaliyouleta ukiwa mwepesi tangu mwanzo, yakirudi kwa mlango wa nyuma: wahusika hawa wapo kwa ajili ya mmiliki, na mmiliki akishahudumiwa, wao hawana dai.

Halikuhitajika onyesho zima. Sitkomu nyingi za mtindo huu zina kipande kifupi cha mwisho, na katika kipindi hiki kipande hicho kilitumika kumwonyesha mwanagenzi akiruka tena mashine ilipolia, mzaha ambao hadhira ilikuwa imeshauona. Nafasi hiyo hiyo, bila kuongeza sekunde hata moja, ingetosha kumwonyesha mhasibu akibandua lebo kwenye kiti na kukisukuma mpaka mlangoni, mlinzi akikaa, na wote wawili wakigundua kwamba kiti ni kirefu mno kwa meza ya mlinzi.